Ivan Pavlov: Mtoto wa kasisi aliyepima mate ya mbwa

Mbwa anayenusa ardhi kutafuta bomu lililofukiwa hana habari kwamba kulikuwa na vita. Hajui bomu ni kitu gani, wala hajui kwamba mwalimu anayemshika kamba atapita mahali hapo kwa miguu yake mwenyewe dakika chache baadaye. Anachojua ni kwamba harufu fulani, kila alipokutana nayo mafunzoni na kuketi mbele yake, ilifuatwa na mpira wa kuchezea au kipande cha chakula. Panya buku wanaofunzwa Morogoro, Tanzania, kwa kazi hiyo hiyo wanajua jambo hilo hilo, isipokuwa wao hulipwa kwa ndizi na karanga. Kwa mji wa Juba, uliozungushiwa mabomu ya ardhini katika vita vya mwaka 1983 hadi 2005, ujuzi huo wa mnyama wa kuunganisha dalili na malipo si mchezo wa sarakasi. Zipo barabara zinazopitika leo na mashamba yanayolimwa leo kwa sababu yake.

Mtu aliyeupima ujuzi huo kisayansi, tone moja la mate baada ya jingine, ni Mrusi aliyefariki dunia mwaka 1936, Ivan Petrovich Pavlov. Wasikilizaji wetu waliosomea ualimu Kenya, Uganda au Tanzania walikutana na jina lake katika somo la saikolojia, na pengine walilihifadhi kwa ajili ya mtihani pamoja na hadithi ya mbwa na kengele. Hadithi hiyo imefupishwa mno. Kengele aliitumia kwa nadra. Vyombo vyake vya kila siku vilikuwa metronomu, yaani kile kifaa cha wanamuziki kinachogonga kwa mapigo sawa, pamoja na taa, mlio wa umeme, na kifaa cha kuigusa ngozi ya mnyama. Na swali lililomshughulisha halikuwa kama mbwa anaweza kufundishwa. Kila mwindaji na kila mfugaji alilijua hilo kabla sayansi haijazaliwa. Pavlov alitaka kujua, kwa vipimo na kwa saa, ni nini hutokea pale kitu kisicho na maana kwa mnyama kinapogeuka kuwa habari.

Kutoka seminari hadi maabara

Alizaliwa tarehe 26 Septemba 1849 katika mji wa Ryazan, kusini-mashariki mwa Moscow. Baba yake, Pyotr Dmitrievich, alikuwa kasisi wa Kanisa la Orthodoksi; mama yake, Varvara Ivanovna, alikuwa binti wa kasisi. Ivan alikuwa kifungua mimba wa familia kubwa, na kama ilivyokuwa desturi ya kifo katika zama hizo, baadhi ya wadogo zake hawakuvuka utoto. Nyumba haikuwa na fedha nyingi. Ilikuwa na vitabu na bustani, na mtoto huyo akapenda vyote viwili hadi uzeeni.

Alipokuwa na umri wa miaka minane hivi alianguka kutoka mahali pa juu, akafikia sakafu ya mawe. Majeraha yakamchelewesha shule hadi alipotimiza miaka 11. Aliyemsaidia kupata nguvu tena ni baba yake wa ubatizo, mkuu wa monasteri iliyokuwa karibu, aliyemchukua kwake na kumtunza kwa chakula, mazoezi na masomo.

Njia iliyokuwa mbele yake ilijulikana: shule ya kanisa, seminari, kisha ukasisi. Lakini miaka ya 1860 nchini Urusi ilikuwa miaka ya kuyumba kwa kila kilichojulikana. Mwaka 1861 Mfalme Alexander wa Pili aliwaachia huru mamilioni ya wakulima waliokuwa mali ya mabwana wa mashamba. Mwaka 1863 mwanafiziolojia Ivan Sechenov alichapisha andiko lililodai kwamba kazi za ubongo, hata zile tunazoziita fikra, zinaweza kuchunguzwa kama miitikio ya mwili kwa vichocheo vya nje. Andiko hilo liliwatia wasiwasi wakaguzi wa serikali, na kwa sababu hiyo hiyo likasomwa na vijana. Pavlov alikuwa miongoni mwao. Mwaka 1870 aliiacha seminari kabla ya kuhitimu, akaenda Chuo Kikuu cha St Petersburg kusomea sayansi ya viumbe.

Huko alipata mwalimu mkali na fundi wa upasuaji, Ilya Tsion, akamaliza mwaka 1875 akiwa na medali ya dhahabu kwa utafiti wa neva za kongosho. Akaendelea na masomo ya udaktari, kisha akapewa usimamizi wa maabara ndogo ya tabibu mashuhuri Sergei Botkin. Mwaka 1881 alimwoa Serafima Vasilievna Karchevskaya, mwanafunzi wa ualimu. Miaka iliyofuata ilikuwa ya dhiki kubwa. Walikosa nyumba ya kudumu, na mtoto wao wa kwanza alifariki akiwa mdogo. Inasimuliwa kwamba wanafunzi wake waliwahi kumchangia fedha kwa kisingizio cha kumlipa kwa mihadhara, naye akazitumia kununua mbwa wa majaribio. Serafima, aliyebeba mzigo wa nyumba hiyo kwa zaidi ya nusu karne, hatajwi katika vitabu vingi vya saikolojia, na hilo ni deni la wanahistoria.

Baada ya shahada ya uzamivu ya mwaka 1883 na miaka miwili ya utafiti nchini Ujerumani, alirejea bila kazi ya uhakika. Riziki ilimfikia akiwa na umri wa zaidi ya miaka 40: mwaka 1890 aliteuliwa kuwa profesa katika Chuo cha Kijeshi cha Tiba, na mwaka 1891 akakabidhiwa idara ya fiziolojia ya Taasisi ya Tiba ya Majaribio, taasisi mpya iliyoanzishwa St Petersburg kwa ufadhili wa mwana wa ukoo wa kifalme.

Maabara yake iliendeshwa kama kiwanda. Madaktari, wengi wao wa jeshi, walifika kwa muda mfupi kutafuta shahada, kila mmoja akapewa swali moja na mbwa wake, na Pavlov akapita kutoka meza moja hadi nyingine akisimamia, akikaripia na kukumbuka kila tarakimu. Alikuwa mtu wa saa. Hasira yake ilikuwa mashuhuri, na ilipoa upesi kama ilivyowaka. Wakati huo alichunguza jinsi chakula kinavyosagwa tumboni. Badala ya kumfungua mnyama na kumwacha afe mezani, kama wengine walivyofanya, alimpasua kwa usafi wa chumba cha wagonjwa, akamwacha apone, kisha akamchunguza akiwa mzima kwa miezi au miaka. Katika jaribio lake maarufu, umio la mbwa lilikatwa na kufunguliwa shingoni, ili chakula alichokimeza kitoke nje kabla ya kufika tumboni. Hata hivyo tumbo lilimwaga maji yake ya kusagia chakula kwa wingi, kana kwamba limekwisha kupokea mlo. Maji hayo yalichujwa, yakatiwa chupani na kuuzwa kama dawa ya tumbo, na mapato yakasaidia kuiendesha maabara.

Kwa kazi hiyo ya tumbo, wala si kwa kazi ya metronomu kama wengi wanavyodhani, alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1904. Alikuwa Mrusi wa kwanza kuipata.

Mate yaliyotangulia chakula

Lakini kulikuwa na jambo lililomkera miaka hiyo yote. Mbwa walitoa mate kabla ya kula. Walitoa mate walipoona sahani, walipomwona mtumishi anayeleta nyama, hata waliposikia hatua za miguu yake. Kwa mtafiti anayetaka kupima kazi ya tezi kwa chakula halisi, hiyo ilikuwa takataka inayochafua hesabu. Mwanzoni Pavlov aliiita kazi ya roho ya mnyama na kuiweka kando. Wasaidizi wake walipoanza kubishana kuhusu mbwa anafikiri nini au anatamani nini, aligundua kwamba ubishi huo hauwezi kuamuliwa na kipimo chochote. Akaamua kubadili swali. Katika maabara yake ikapigwa marufuku kusema kwamba mbwa anataka, anakumbuka au anatumaini. Kilichoruhusiwa kusemwa ni idadi ya matone, aina ya kichocheo, na sekunde zilizopita kati ya hiki na kile. Mwaka 1903, kwenye kongamano la madaktari mjini Madrid, aliutangazia ulimwengu mwelekeo huo mpya. Alikuwa na umri wa miaka 53, umri ambao wengi huanza kulinda walichonacho.

Mbinu yenyewe ilikuwa rahisi kuelezea. Kwa upasuaji mdogo, mrija wa tezi ya mate ulielekezwa nje ya shavu, ili kila tone lihesabike. Mbwa aliwekwa kwenye kiunzi, metronomu ikagonga, na baada ya sekunde chache akapewa unga wa nyama. Siku za kwanza metronomu haikuleta tone hata moja. Baada ya kurudiwa mara kadhaa, mate yalianza kutiririka kwa mapigo peke yake, kabla chakula hakijaonekana. Pavlov aliuita mwitikio huo wenye masharti, kwa kuwa haukuzaliwa na mnyama. Ulitegemea sharti la kukutanishwa kwa vitu viwili.

Utajiri wa kazi yake, hata hivyo, haumo katika tukio hilo moja bali katika miaka 30 ya kuligeuza huku na huku. Aligundua kwamba mpangilio una maana: dalili ikitangulia chakula, mbwa hujifunza; dalili ikija baada ya chakula, hujifunza kidogo sana au hajifunzi kabisa. Aligundua kwamba dalili ikirudiwa bila chakula, matone hupungua moja baada ya jingine hadi kukauka. Lakini mbwa huyo huyo akipumzishwa na kurudishwa kwenye kiunzi, mate hurejea kidogo, ishara kwamba somo la kwanza halikufutwa bali lilikuwa limefunikwa na somo la pili. Aligundua pia kwamba mnyama anaweza kutenganisha dalili zinazofanana. Katika jaribio moja, duara lilifuatwa na chakula na umbo la yai halikufuatwa na kitu. Watafiti walilikaribisha umbo la yai kwenye duara hatua kwa hatua. Tofauti ilipokuwa ndogo mno, kwa uwiano wa karibu 9 kwa 8, mbwa aliyekuwa mtulivu kwa majuma alianza kulia, kujipinda na kung'ata vyombo, na hata tofauti alizozijua zamani zikampotea.

Majaribio hayo yalihitaji ukimya ambao St Petersburg yenye magari na kengele za makanisa haikuweza kuutoa. Mlango ukigongwa, matone yaliharibika. Ndiyo maana ulijengwa mnara maalumu wa kuta nene na vyumba vilivyotengwa, mtafiti akiwa upande mmoja na mbwa upande mwingine, wakiunganishwa kwa mirija na vioo vya kuchungulia. Ulipewa jina la Mnara wa Ukimya.

Njaa, mapinduzi na mafuriko

Vita Kuu ya Kwanza na mapinduzi ya mwaka 1917 vilivunja kila kitu. Fedha za Tuzo ya Nobel zikapotea. Mji ukakosa chakula na kuni. Mbwa wa maabara wakafa kwa njaa, na wasomi nao wakafa. Pavlov, akiwa na karibu miaka 70, alilima mboga katika uwanja wa taasisi yake ili familia ipate kula. Mwaka 1920 aliiandikia serikali akiomba ruhusa ya kuihama nchi. Lenin hakutaka kumpoteza mwanasayansi wa pekee wa Urusi mwenye jina kubwa namna hiyo. Januari 1921 ilitolewa amri rasmi ya kumhakikishia chakula, makazi na vifaa. Akabaki.

Alibaki, lakini hakunyamaza. Mbele ya wanafunzi, mwaka 1923, aliikosoa waziwazi itikadi ya watawala wapya. Watoto wa makasisi walipoanza kufukuzwa vyuoni mwaka 1924, alijiuzulu uprofesa katika Chuo cha Kijeshi cha Tiba, akikumbusha kwamba naye ni mtoto wa kasisi. Baadaye aliwaandikia viongozi barua za kuwatetea watu waliokamatwa. Yeye mwenyewe hakuwa tena mtu wa dini, ingawa mkewe aliishika imani hadi mwisho. Wengine kwa maneno machache kuliko hayo walipelekwa kambini. Yeye alilindwa na umaarufu wake, na ni haki kusema kwamba alijua hivyo.

Mwaka huo huo wa 1924 likatokea jambo ambalo hakuna mtafiti ambaye angelipanga. Septemba, maji ya mto Neva yalifurika na kuingia katika mabanda ya mbwa. Mbwa waliokuwa wamefungiwa humo walielea wakigusa dari, na watumishi walipofika walilazimika kuwazamisha vichwa ili kuwapitisha kwenye milango iliyokuwa chini ya maji. Karibu wote waliokolewa. Lakini walipourudia mchezo wa metronomu, baadhi yao walikuwa wamepoteza miitikio waliyoijua kwa miaka. Mmoja aliirejesha baada ya majuma mengi ya subira. Ndipo watafiti walipoyaacha maji kidogo yapenye chini ya mlango wa chumba chake. Mbwa alitetemeka, akahema, akataka kukimbia, na miitikio yote ikatoweka tena.

Msomaji aliyekuwapo Juba mwezi Desemba 2013 au Julai 2016 hahitaji kuelezwa sana jaribio hilo. Mlango wa chuma ukibamizwa ghafla, mwili hulala chini kabla akili haijauliza ni nini. Pavlov alielewa kwamba mashine ile ile inayomfundisha mnyama kungojea nyama ndiyo inayomfundisha kuogopa, na miaka yake ya mwisho aliitumia kuchunguza mbwa waliovunjika namna hiyo, akitembelea pia hospitali za wagonjwa wa akili.

Serikali, kwa sababu zake, ilimjengea mji mzima wa sayansi katika kijiji cha Koltushi, nje ya Leningrad, kama St Petersburg ilivyoitwa wakati huo. Mwaka 1935 katika bustani ya taasisi yake ya zamani ulizinduliwa mnara wa kumbukumbu wenye sanamu ya mbwa. Agosti mwaka huo wanafiziolojia wa dunia walikusanyika Leningrad na Moscow wakimwita mzee wao. Alifariki kwa homa ya mapafu tarehe 27 Februari 1936, akiwa na miaka 86.

Kuhusu mbwa wenyewe, sanamu haitoshi kulifunga suala hilo. Walikuwa na majina, walitunzwa vizuri kuliko katika maabara nyingi za zama zile, na wengi wao waliishi na majeraha ambayo leo kamati yoyote ya maadili ingeyahoji.

Kemikali ambayo hakuijua

Pavlov aliamini kwamba siri ya kujifunza imo katika tabaka la juu la ubongo, na alichora nadharia nyingi kuhusu mawimbi ya msisimko na mzuio yanayosambaa humo. Sehemu kubwa ya nadharia hizo haisomwi tena. Matone yake yamebaki. Na jambo la ajabu ni kwamba kemikali ambayo ingekuja kuyaeleza matone hayo ilikuwa tayari imetengenezwa akiwa hai: mwaka 1910, jijini London, wanakemia George Barger na James Ewens waliitengeneza dopamini bila kujua kwamba ina kazi yoyote ya maana katika ubongo.

Kwa miongo kadhaa ilihesabiwa kuwa malighafi tu ya kemikali nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Msweden Arvid Carlsson aliwapa sungura dawa iliyowaacha wamezubaa, masikio yamelala, hawasogei. Alipowapa kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa dopamini, waliamka. Hiyo ilikuwa njia ya kuuelewa ugonjwa wa Parkinson, na ilimletea Carlsson Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Kabla yake, mwaka 1954, mjini Montreal, James Olds na Peter Milner walikuwa wameona panya akirudi tena na tena mahali ambapo sehemu fulani za ubongo wake ziliguswa na umeme kidogo. Watu wakaharakisha kusema kwamba dopamini ni kemikali ya raha. Usemi huo bado unatembea katika magazeti na simu zetu, nao unapotosha.

Aliyeusahihisha zaidi ni Mjerumani Wolfram Schultz, aliyefanya kazi katika mji wa Fribourg, Uswisi. Alisikiliza seli za dopamini, moja moja, katika ubongo wa nyani waliokuwa wakijifunza kwamba mwanga fulani hufuatwa na tone la maji ya matunda. Mwanzoni seli zilishtuka nyani alipoonja tone. Kama dopamini ingekuwa raha, zingeendelea hivyo. Lakini nyani alipokwisha kujifunza, seli zilinyamaza wakati wa kuonja na kushtuka wakati wa mwanga. Mshtuko ulikuwa umehama kutoka kwenye malipo hadi kwenye dalili, kama mate ya mbwa yalivyohama kutoka kwenye nyama hadi kwenye metronomu. Na mwanga ulipowaka bila tone kufuata, seli hizo zilipunguza kazi yao chini ya kawaida, katika wakati ule ule ambao tone lilitarajiwa.

Mwaka 1997 Schultz, pamoja na Peter Dayan na Read Montague, walieleza maana yake. Seli za dopamini hazitangazi malipo. Hutangaza tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana. Malipo yakizidi matarajio, hupanda na mnyama hujifunza. Yakilingana, hukaa kimya kwa kuwa hakuna jipya. Yakikosekana, hushuka, na dalili hupoteza thamani yake kidogo kidogo. Hapo ndipo yanapoeleweka yale yaliyomshughulisha Pavlov: kwa nini dalili lazima itangulie, na kwa nini metronomu isiyofuatwa na chakula hukausha mate. Dopamini ina kazi nyingine pia, katika kusogea na katika kujituma, na wanasayansi bado wanavutana kuhusu mipaka ya kila kazi.

Ndizi, karanga na uwanja usiojulikana

Panya buku wa Morogoro wanafunzwa na shirika la APOPO, lenye makao yake katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Somo lao la kwanza lingemfurahisha Pavlov. Panya mchanga husikia mlio mfupi wa kibonyezo, kisha hupewa chakula, mara nyingi mno, hadi mlio wenyewe unapokuwa na thamani. Baada ya hapo huletwa harufu ya kilipuzi, na panya hugundua kwamba akitulia kwenye harufu hiyo mlio husikika, na mlio maana yake ni ndizi. Mafunzo yote huchukua miezi tisa hivi. Panya mmoja wa huko, Magawa, alipelekwa Kambodia, akagundua zaidi ya mabomu na vilipuzi 100, na mwaka 2020 akatunukiwa medali ya dhahabu nchini Uingereza. Mwenzake anaweza kupekua eneo la ukubwa wa kiwanja cha tenisi kwa nusu saa, kazi ambayo mtu mwenye kifaa cha kutambua chuma huweza kuifanya kwa siku kadhaa.

Ugumu uko nje ya uwanja wa mafunzo. Morogoro, mwalimu anajua kila bomu lilipofukiwa, hivyo anajua ni wakati gani alipe. Katika shamba la kweli, liwe Kambodia au kandokando ya barabara ya Sudan Kusini, hakuna anayejua. Kama angejua, mnyama asingehitajika. Akimlipa mnyama kila anapokwaruza ardhi, atamfundisha kukwaruza popote. Asipomlipa kamwe, yatatokea yale yale ya metronomu isiyo na chakula: harufu itapoteza thamani siku baada ya siku, na mnyama atapita juu ya bomu bila kusimama. Hatakuwa mgonjwa wala mvivu. Atakuwa amejifunza vizuri somo ambalo hakuna aliyekusudia kumfundisha, na ardhi itatangazwa salama.

Kwa hiyo wanaofanya kazi hiyo humtafutia mnyama mahali pa kupata malipo ya haki. Huandaa eneo la majaribio karibu na kazi, hufukia humo vilipuzi visivyoweza kulipuka mahali walipoweka alama kwenye ramani yao, na kumpitisha mnyama. Akikosa kimoja, hapelekwi shambani. Akivipata vyote, hulipwa hapo hapo, ndipo anapofungwa mkanda na kuingizwa katika ardhi ambayo haina ramani.